USIUZE SHAMBA KWA SABABU YA NYOTA

 

Leo sileti neno laini. Tafuta mahali utulie, usome hadi mwisho, kisha umtumie yule ndugu aliyekutumia ile video.

Unaijua video yenyewe. Galaksi inapasuka, muziki wa kutisha unalia, mwanasayansi Mzungu anaongea sekunde kumi, halafu sauti ya nabii inaingia: hata sayansi imekiri, ulimwengu unaisha, achaneni na mambo ya dunia. Ukifika mwisho, chini kabisa, kuna namba ya kutuma sadaka. Nami nina swali moja tu. Kama ulimwengu unaisha Desemba, nabii anaitaka pesa yako ya nini Januari?

Kuna wanaocheka. Mimi sicheki, kwa sababu mimi ndiye ninayepokea simu zenu. Nimeulizwa na mzazi kama kuna haja ya kulipa karo ya muhula ujao. Nimeulizwa na mzee kama auze kipande cha shamba alichoachiwa na babake, apeleke pesa zote madhabahuni, kwa kuwa "nyota zimeanza kuanguka". Mpendwa, hii si imani. Huu ni wizi uliovaa kanzu ya imani na koti jeupe la maabara kwa wakati mmoja.

Nasema haya nikiwa Mpentekoste. Naamini Roho Mtakatifu anasema hata leo. Naamini karama ya unabii. Naamini Yesu anarudi, na ningefurahi akirudi kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Kwa hiyo usiniambie nimepoa. Ni kwa sababu naamini unabii wa kweli ndiyo maana siwezi kunyamaza nikiona wa uongo.

HEBU TUWASIKILIZE WANASAYANSI WENYEWE

Nabii wa TikTok anasema "sayansi imekiri". Sayansi imekiri nini hasa?

Mwaka 1927, Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani akachapisha vipimo vya galaksi vilivyoonyesha kwamba zilizo mbali zaidi zinatukimbia kwa kasi zaidi. Watu wengi wakadhani mvutano wa vitu vyote polepole utaupunguza mwendo huo. Lakini mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, yakipima nyota zinazolipuka mbali sana, yakakuta kinyume chake: ulimwengu unazidi kuongeza kasi. Watatu kati yao, Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011. Kinachousukuma ulimwengu hivyo wamekiita nishati ya giza. Wanakadiria ni karibu asilimia 68 ya vyote vilivyomo, na bado hawajui ni kitu gani. Jina wamelipata, maana yake bado wanaitafuta.

Kutoka hapo kuna nadharia nne zinazozungumzwa sana kuhusu mwisho wa ulimwengu.

Ya kwanza, na ndiyo inayokubalika na wengi, ni kufa kwa baridi. Ulimwengu unaendelea kutanuka, gesi ya kutengenezea nyota inakwisha, nyota zinazima moja moja kama makaa jikoni usiku. Nyota mpya zitaacha kuzaliwa baada ya miaka takribani trilioni 100. Ulimwengu wote tangu uanze una miaka bilioni 13.8. Uchukue umri huo wote, uurudie zaidi ya mara elfu saba, ndipo ufike hapo. Na hapo bado yatabaki mashimo meusi, ambayo makubwa kabisa yatachukua miaka ambayo namba yake ni moja ikifuatwa na sifuri zipatazo 100.

Ya pili ni kuraruka. Kama nishati ya giza inazidi kupata nguvu, siku moja itazitenganisha galaksi, kisha nyota na sayari, mwishowe hata chembe ndogo kabisa. Robert Caldwell na wenzake waliipigia hesabu mwaka 2003, na katika mfano wao ilikuwa imebaki miaka kama bilioni 22.

Ya tatu ni kusinyaa. Kama nishati hiyo inaweza kudhoofika na kugeuka, ulimwengu utarudi nyuma na kujikunja hadi kila kitu kikutane tena kwenye moto. Hapa pia hesabu ni za mamilioni na mabilioni ya miaka.

Ya nne ndiyo manabii wanaipenda, kwa sababu inasemekana inaweza kutokea wakati wowote. Inasema huenda hali ya anga tupu ilivyo sasa si imara kabisa, na kwamba mahali fulani inaweza kuporomoka, kisha poromoko hilo likaenea kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mwanafizikia Sidney Coleman aliandika juu ya jambo hili mwaka 1977. Lakini sikiliza mambo mawili. Kwanza, makadirio yanasema muda wa kulisubiri unazidi umri wa ulimwengu kwa kiasi kisichosemeka. Pili, kitu kinachokuja kwa kasi ya mwanga hakina dalili. Habari yake haiwezi kufika kabla yake chenyewe. Kwa hiyo anayekwambia ameona dalili za jambo hilo amekudanganya mara mbili: amekudanganya kwa jina la Mungu, na amekudanganya kwa jina la fizikia.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Hata jua letu hili lina miaka kama bilioni 5 kabla halijavimba na kufa, na kabla ya hapo, kwa miaka kama bilioni moja, litakuwa limeongeza joto hadi bahari zikauke. Karo ya mtoto inatakiwa muhula ujao. Kuna nadharia gani hapo inayokuambia usilipe?

Hakuna. Hakuna hata moja.

"LAKINI MCHUNGAJI, VIPI KUHUSU LILE JIWE?"

Najua utauliza. Jiwe la angani si habari ya mwisho wa ulimwengu, ni habari ya sayari yetu tu, lakini manabii wanavichanganya vyote kwenye sufuria moja, kwa hiyo tuvitenganishe.

Mwisho wa mwaka 2024 iligunduliwa asteroidi iliyopewa jina 2024 YR4. Februari 2025 uwezekano wa kugonga dunia mwaka 2032 ulipanda hadi karibu asilimia 3. Simu zenu zilijaa. Baada ya siku chache, vipimo zaidi vilipokuja, uwezekano huo ukashuka hadi karibu sifuri. Je, wale waliotuma video ya kwanza walituma ya pili? Uliona hata mmoja akiandika, "Ndugu zangu, jiwe halitupati, rudini kazini"? Hofu inasafiri kwa ndege, na habari njema inaachwa ije kwa miguu.

Sasa nakuonya mapema, na uihifadhi post hii. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, asteroidi iitwayo Apophis itapita karibu na dunia, takribani kilomita 32,000 kutoka usoni pake. Ina upana wa mita 340 hivi. Umbali huo hata haufiki sehemu moja ya kumi ya umbali wa mwezi, na watu wa Afrika wataweza kuiona kwa macho bila darubini. Jina lake limetoka kwa nyoka wa machafuko wa Wamisri wa kale. Unaona jinsi karamu inavyoandaliwa? Ijumaa, tarehe 13, jina la nyoka, nyota inayotembea angani. Watakuja na Ufunuo sura ya 8, watakuambia ndiyo ile nyota ya Pakanga. Watapanga kesha, watauza mafuta, watataka mbegu ya mwisho.

Wewe ujue hivi: ilipogunduliwa mwaka 2004, kwa muda mfupi kweli kulikuwa na wasiwasi. Wataalamu wakaendelea kuipima, na mwaka 2021, kwa vipimo vya rada, wakaondoa uwezekano wa kugonga dunia kwa angalau miaka 100. Usiku huo toka nje na watoto wako, uwaonyeshe kazi ya vidole vya Mungu, kisha mwende mkalale. Jumapili mje kanisani kama kawaida.

USIFUNGE NENO LA MUNGU KWENYE MKIA WA NADHARIA

Hapa nawageukia watumishi wenzangu, nao wanisikie kwa upendo. Kuna wahubiri wasiotaka pesa ya mtu, wana nia njema, lakini wanasimama madhabahuni na kusema: "Ile nadharia ya ulimwengu kuraruka ndiyo Petro wa Pili sura ya 3! Sayansi imethibitisha Biblia!" Kanisa linapiga makofi.

Ndugu yangu, umefikiri? Nadharia hiyo ni mojawapo tu kati ya kadhaa, na haina uthibitisho. Mwaka 2024 na 2025 watafiti wa mradi wa DESI, wanaotumia darubini ya Kitt Peak kule Arizona, walitoa matokeo yanayodokeza kwamba nishati ya giza huenda inadhoofika, si kuongezeka. Bado wanaendelea kupima. Tuseme kesho nadharia ya kuraruka itupwe. Utamtupa na Petro? Kijana uliyemwambia "sayansi imethibitisha" atakuja kukuuliza, "Sasa sayansi imekana, tufanyeje?" Utamjibu nini?

Kwa miaka mingi tuliambiwa galaksi yetu hakika itagongana na jirani yake Andromeda baada ya miaka bilioni 4 au 5. Mwaka 2025 utafiti mpya ukasema uwezekano ni kama nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Mwanasayansi haoni aibu kubadilisha hesabu yake. Huo ndio uaminifu wa kazi yake. Lakini nanga ya meli haifungwi kwenye kitu kinachotembea. Zaburi ya 102 inatufundisha kwamba mbingu zenyewe zitachakaa kama vazi, na Mungu atabaki. Mwandishi wa Zaburi hakungoja darubini ili aseme hivyo, wala hatahitaji kuomba msamaha darubini ikibadilisha maoni.

MAKABURI YANASHUHUDIA

Kama unadhani nalikuza jambo dogo, twende makaburini.

Marekani, karne ya 19, William Miller alihubiri kurudi kwa Kristo kwa hesabu za miaka. Wafuasi wake wakasubiri tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Jua likachomoza tarehe 23.

Mwaka 2011, Harold Camping, mhubiri wa redio kule California, alitangaza tarehe 21 Mei. Wapo waliomaliza akiba yao ya maisha kulipia matangazo. Siku ikapita. Akasogeza hadi 21 Oktoba. Nayo ikapita.

Hao walipoteza mali. Sasa njoo karibu na nyumbani. Kanungu, Uganda, viongozi wa kikundi walifundisha kwamba mwisho utafika pamoja na mwisho wa mwaka 1999. Waumini wakauza walivyokuwa navyo. Mwaka 2000 ukaingia, watu wakaanza kuuliza maswali. Tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya kanisa lao, na miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za kikundi hicho.

Na Shakahola. Hapa hapa, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na ya watoto ikiwemo, watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu kabla ya mwisho. Mahakama ifanye kazi yake, mimi si hakimu. Lakini mimi ni mchungaji, na najua jambo hilo halikuanzia msituni. Lilianza kwa mahubiri. Lilianza na mtu kuambiwa shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, kazi haina maana, muda umekwisha. Jembe la kwanza la kaburi lile lilikuwa sentensi.

Nataka ukumbuke kitu kingine kuhusu kaunti hiyo hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa siku yetu ya uhuru, wakaiita Uhuru. Kazi yake ilisaidia kutambua Cygnus X-1, mojawapo ya vitu vya kwanza kuaminiwa kuwa shimo jeusi, yale yale mashimo yanayosemekana yatabaki mwisho nyota zikishazima. Pwani ileile. Wengine walisimama hapo wakazisoma mbingu kwa subira. Wengine, miaka zaidi ya 50 baadaye, wakapelekwa msituni kwa jina la Bwana wa mbingu hizo hizo, wasirudi. Hapo si sayansi iliyowaua. Waliuliwa na mtu kuongea kwa niaba ya Mungu bila kutumwa.

"KWA HIYO TUSIJIANDAE?"

Jiandae! Ni nani amekukataza? Lakini Biblia inaeleza kujiandaa kuwa nini?

Kwenye Mathayo 24, Yesu alieleza wazi kwamba siku na saa hakuna aijuaye. Katika sura hiyo hiyo akamsifu mtumwa ambaye bwana wake akija atamkuta akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake. Umeona? Hakukutwa juu ya paa akitazama mawingu. Alikutwa jikoni.

Kwenye Matendo sura ya 1, wanafunzi walisimama wakikodoa macho mbinguni, na malaika wakawauliza kwa nini wanasimama hivyo. Wakarudi Yerusalemu. Kwenye Wathesalonike wa Pili, kuna watu waliotikiswa na habari kwamba siku ya Bwana imeshafika, na humo humo kanisani wapo walioacha kazi. Paulo hakuwaambia wauze mashamba. Aliwaambia watulie, wafanye kazi, wale chakula chao wenyewe.

Kwa hiyo mama mboga anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, akiwa ametubu dhambi zake na kumsamehe jirani yake, amejiandaa kuliko mtu anayejua majina ya asteroidi zote na amekataa kulipa deni lake la chama.

NA WEWE KIJANA UNAYESEMA HAKUNA MAANA

Kuna kundi la pili. Hawa hawaogopi nabii. Wamesoma, wameona kwenye YouTube kwamba nyota zote zitazima, wakahitimisha: kama mwisho wa yote ni giza na baridi, basi kusoma ni kwa nini, kuoa ni kwa nini, kusali ni kwa nini? Kijana wangu, nakuheshimu kwa sababu umefikiri. Sasa fikiria hatua moja zaidi.

Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye hakuwa Mkristo kabisa, aliandika mwaka 1903 akikubali kwamba kila kitu kitaharibika mwisho. Hata yeye hakusema basi tulale. Alidai binadamu aishi kwa heshima na aonee wenzake huruma. Mimi na yeye tungebishana hadi asubuhi, lakini angalau hakutumia kifo cha nyota kama kisingizio cha uvivu.

Na fikiria hili: kitu hakikosi maana kwa sababu kina mwisho. Ugali aliokupikia mama jana umekwisha. Haukuwa na maana? Uliushiba, ukaishi. Sisi tunaoamini tunasema zaidi: upendo huo haukupotea, kwa sababu aliyeuumba ulimwengu hafi nao. Kama tumaini lako liko kwenye nyota, kweli una haki ya kukata tamaa. Zinazima. Mtumaini aliyeziwasha.

FANYA HIVI

Ukitumiwa unabii wa mwisho, uliza maswali manne kabla ya kusambaza. Ametaja tarehe? Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inafundisha kwamba nabii ambaye neno lake halikutimia hakutumwa, wala usimwogope. Ametaka pesa au mali? Amekuambia ujitenge na jamaa, shule au hospitali? Na anapokosea, huwa anajitokeza kusema? Moja tu likikwama, futa video.

Usiuze shamba, usitoe akiba ya SACCO, usiache dawa zako kwa sababu ya mtu yeyote anayesema muda umekwisha. Awe nabii, awe askofu, awe mimi. Kaa chini na jamaa yako kwanza. Na ukijua mahali ambapo watoto wanazuiwa kula au kwenda shule kwa jina la mwisho wa dunia, usiweke kwenye maombi tu. Mwambie chifu. Nenda polisi. Omba ukiwa njiani.

Tuombe.

Baba, wewe ndiwe wa kwanza na wa mwisho. Siku zetu ziko mkononi mwako, na za nyota pia. Waponye waliotishwa. Warudishie nguvu waliouza wakabaki mikono mitupu. Wafariji wa Kilifi ambao bado wanatafuta jamaa zao. Fumba vinywa vya wasemao kwa jina lako na hukuwatuma. Utufundishe kukungoja tukiwa kazini, hadi uje. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kama una mzazi au ndugu aliyeshikwa na hofu hii, usimcheke. Mpigie leo, umsikilize kwanza, kisha umsomee haya polepole. Na Jumatatu, mpendwa, nenda ukalipe ile karo.